Matembezi ya Jamaa: Bustani za Mtoni na Watu wa Ziwa Nyasa



Tumepata barua kutoka kwa mzee mmoja wa Kyela, ambaye ni mwalimu wa chuo katika mtaa wake. Atueleza kwamba vijana wake wamechanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima, nao wataka kwenda Unguja siku za likizo wakayaone majumba ya wafalme na bustani zao. Mzee huyo atuuliza maswali mawili. La kwanza: Yapo manufaa gani katika kuwapeleka watoto safari ndefu namna hiyo ili wakatazame magofu? La pili, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi: Sisi watu wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambao hatukupata kuwa na kasri wala sultani, tuna nini katika majumba hayo? Je, hatutakuwa kama wageni wanaochungulia nyumba ya watu wengine?

Maswali haya si madogo, na hilo la pili hatukuliona likiulizwa mara nyingi. Basi tulikwenda tena Mtoni, Kidichi na Maruhubi, tukatembea polepole tukiyatazama yote kama kwamba mzee huyo na vijana wake wamesimama pamoja nasi. Haya tunayoyaandika ndiyo jawabu letu, na twatumai kwamba jamaa wengine wenye nia kama hiyo watanufaika nalo.

WAFALME WA KASKAZINI YA ZIWA

Kwanza twapenda kulisahihisha jambo moja. Si kweli kwamba nchi ya Kyela haikuwa na wafalme. Ilikuwa nao, ila hawakuwa na desturi ya kujenga kwa mawe.

Kila nchi ndogo ya Wanyakyusa ilikuwa na mtawala wake aliyeitwa malafyale. Utawala wao ulikuwa na desturi ambayo hatujui kama yapatikana kwa wingi duniani. Wana wa kizazi kimoja walipokuwa watu wazima ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, maana yake kutoka nje. Hapo nchi iligawanywa kwa wana wawili wa malafyale, na wazee wakajitenga kando wakawaachia vijana ardhi na madaraka. Mahali pa mtawala mpya palitambulishwa kwa miti iliyopandwa siku hizo. Nao watawala waliokufa walizikwa mahali ambapo miti yake haikukatwa, na kwa hiyo vikabaki vichaka virefu vya miti mikubwa katikati ya mashamba. Basi mtu akiuliza iko wapi kumbukumbu ya wafalme wa Kyela, ataonyeshwa miti.

Na ng'ambo ya Mto Songwe, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Karonga ya Malawi, walikuwako Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na desturi. Mfalme wao aliitwa Kyungu, naye alikaa juu ya kilima cha Mbande. Kwa zamani Kyungu hakuonekana na watu ovyo. Alikaa ndani kwa faragha, na wakubwa wake ndio waliotoka wakasema na raia. Cheo hicho cha Kyungu kingali kipo mpaka leo.

Ama bustani, hizo zilikuwapo tele. Mwaka 1879 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alishuka kutoka milimani akafika katika nchi hiyo kwa miguu. Alistaajabu kuona vijiji vilivyo chini ya kivuli cha migomba, nyumba zilizojengwa kwa ustadi na uwanja uliofagiwa usiwe na takataka. Aliona mambo yaliyompendeza hata akaifananisha nchi hiyo na ile nchi ya raha inayosimuliwa katika ngano za Wayunani. Twaomba vijana wa Kyela walishike neno hili wasafiripo. Wanakwenda kutazama bustani za wafalme, lakini wao wenyewe wametoka katika nchi ambayo mgeni aliiona yote kuwa ni bustani, na waliofagia viwanja vile walikuwa ni wenyewe waliokaa hapo.

KASRI LA MTONI

Sasa tuje Unguja. Ukitoka mjini ukashika njia ya Bububu kuelekea kaskazini, baada ya mwendo usiokuwa mrefu utafika Mtoni. Hapo, karibu na bahari, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alijenga kasri lake la kwanza la kisiwani. Ujenzi ulianza mnamo mwaka 1828. Vitu vilivyotumika ni vile vile vya majumba ya pwani: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Jina la mahali latokana na kijito kipitacho hapo na kuingia baharini, na maji ya kijito hicho ndiyo yaliyokuwa uhai wa kasri na bustani yake.

Leo yaliyobaki ni kuta zilizopasuka, matao, na vyumba vya hamamu ambavyo juu yake waona mbingu. Mtu asiyeambiwa kitu atapita hapo kwa dakika kumi akaondoka. Lakini twalijua kasri hili lilivyokuwa, kwa sababu mmoja wa watoto waliozaliwa ndani yake aliandika habari zake. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa hapo Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaingia katika dini ya mumewe na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Kijerumani. Alifariki mwaka 1924 huko Ujerumani. Mambo yake na Mola wake si yetu kuyahukumu katika ukurasa huu. Sisi twamshukuru kwa kuwa alitunza kumbukumbu ambayo wengine hawakuiandika.

Asimulia kwamba ndani ya kasri na katika majengo yake waliishi watu wapatao elfu moja. Katikati ulikuwako uwanja mkubwa, na humo walitembea tausi, paa, mbuni, heroe wenye rangi ya waridi, kanga, bata na bata bukini, wote pamoja bila ya kufungwa. Mwisho wa uwanja zilikuwako hamamu nyingi, na kando yake ilipandwa michungwa. Upande wa baharini lilikuwako baraza la mviringo, refu kama mnara, lililojengwa kwa mbao. Hapo Sayyid Said alikuwa akitembea huku na huku peke yake, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyompata pajani vitani. Binti yake hakujua baba yake alikuwa akiwaza nini. Huenda hata nasi tukisimama mahali hapo leo twawaza jambo lile lile: mtu mwenye bahari yote mbele yake na bustani yote nyuma yake alikuwa na dhiki gani?

Katika kasri hilo zilisemwa lugha nyingi, kwani masuria na watumishi waliletwa kutoka nchi mbalimbali. Mama yake Salme mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, baada ya wazee wake kuuawa. Watoto wa kiume na wa kike walisomeshwa Kurani pamoja, lakini mabinti hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, akauweka Msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi moja baada ya moja mpaka mkono wake ukazoea. Twawaambia mabinti wetu wa Kyela na wa kila mahali: ninyi mna madaftari na kalamu, wala hapana anayewakataza. Bila ya mfupa ule tusingeijua bustani ya Mtoni.

Sayyid Said alifariki mwezi wa Oktoba 1856 akiwa merikebuni, akirudi kutoka Omani. Baada yake kasri lilipungukiwa na watu, na kabla ya mwisho wa karne ile liliachwa likaharibika.

KIDICHI, MARUHUBI NA MJINI

Ndani zaidi ya kisiwa, katika nchi ya mikarafuu, ipo hamamu ya Kidichi. Sayyid Said aliijenga katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mke wake Mwajemi, aliyekuwa wa ukoo wa Shah wa Uajemi. Kuta zake zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Ni jengo dogo, lakini ndani yake mtu aona jinsi mgeni alivyotaka kuikumbuka nchi yake.

Maruhubi ipo karibu zaidi na mji. Kasri hili lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said baina ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Sehemu zake za juu zilikuwa za mbao, na mwaka 1899 moto uliziteketeza zote. Zilibaki safu za nguzo nene zilizosimama bila ya kubeba kitu, hamamu, na mabirika ambayo mayungiyungi humea ndani yake. Karibu yake ipo miembe mikubwa. Ni mahali patulivu, na watoto hupenda kupita baina ya nguzo wakizihesabu.

Tusimseme Barghash kwa majumba peke yake. Ndiye aliyewaletea watu wa mji maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji kwa njia ya mabomba. Bustani zake zimekwisha, lakini maji yale yalinywewa na matajiri na maskini, na mara nyingi jambo la namna hii ndilo linalomfaa mtu baada ya kufa kwake.

Mjini, mbele ya bahari, lipo Beit al-Sahel. Jumba la zamani la mahali hapo lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Likajengwa upya, likawa makao ya masultani mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tangu mwaka 1994 ni jumba la makumbusho, na ndani yake kimo chumba kilichowekwa kwa ajili ya kumbukumbu ya Sayyida Salme. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Hili ndilo jawabu la swali la kwanza la mzee wetu. Katika Suratu Dukhan Mwenyezi Mungu atukumbusha habari za watu wa Firauni, jinsi walivyoziacha bustani na chemchemi na mahali pazuri, vikarithiwa na watu wengine. Kijana aweza kuisoma sura hiyo mara mia chuoni. Akiisoma mara moja amesimama katika hamamu ya Mtoni isiyokuwa na maji wala paa, maana yake itamwingia kwa njia nyingine. Kuona ni mwalimu, na dini yetu haikutukataza kutembea katika ardhi tukazingatia mwisho wa waliotutangulia. Imetuhimiza.

MIKONO ILIYOZITIA MAJI BUSTANI

Sasa tuje kwenye swali la pili. Hapa twaomba wasomaji watustahimilie, kwani yapo maneno ambayo kwa desturi husemwa kwa sauti ndogo.

Bustani ya watu elfu moja haijitunzi yenyewe. Yupo aliyebeba mawe kutoka pwani, aliyechoma chokaa, aliyefagia uwanja wa tausi kila asubuhi. Na fedha zilizoyalipia yote hayo zilitoka hasa katika karafuu, pembe za ndovu na watu. Sayyid Said aliwahimiza wenye mashamba wa Unguja wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa na mashamba 45 kisiwani. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, tena kwa wakati wake. Waliozichuma walikuwa watumwa, na wengi katika hao waliletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa.

David Livingstone, aliyelifikia ziwa hilo mwezi wa Septemba 1859, aliandika kwamba balozi wa Uingereza wa Unguja, Rigby, alimwambia kuwa watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa walipita katika forodha ya Unguja kila mwaka. Hata kama hesabu hiyo ya zamani ilizidi au ilipungua, jina la Wanyasa lilikuwa jina linalojulikana katika mitaa na mashamba ya Unguja. Watu wale walivushwa ziwa kwa majahazi, wakatembea miezi wakiwa wamefungwa, na waliofika Kilwa walikuwa ni wale ambao hawakufia njiani.

Yafaa tuseme kwa uadilifu kwamba waliokamatwa walikuwa wengi zaidi kutoka kusini na magharibi ya ziwa. Nchi ya Wanyakyusa, kwa ajili ya milima yake na ushujaa wa watu wake, haikuharibiwa kama nchi za jirani. Lakini moto ulifika mpaka mlangoni. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mswahili aliyeitwa Mlozi alijenga boma lake karibu na Karonga, akanunua pembe na watu, na mwaka 1887 akajitangaza kuwa ndiye Sultani wa nchi ya Wangonde. Mwezi wa Oktoba mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde waliokimbilia penye matete ya ziwa la Kambwe. Matete yakatiwa moto. Wengine walikufa kwa risasi, wengine kwa moto, na wengine walipoingia majini waliliwa na mamba. Baadhi ya waliosalimika walikimbilia kaskazini kwa Wanyakyusa. Vita baina ya Mlozi na Kampuni ya Waingereza iliyokuwako Karonga viliendelea mpaka mwaka 1889, kisha vikaanza tena, na mwezi wa Desemba 1895 Mlozi alikamatwa akanyongwa.

Basi mzee wetu wa Kyela aone kwamba hata ufuko wake ulipata mtu aliyejiita sultani. Na huyo hakuacha bustani hata moja. Aliacha majivu.

TUSEMEJE, SISI WAISLAMU?

Mlozi alikuwa na jina la Kiislamu nyumbani kwake. Kadhalika masultani, na matajiri wengi wa mashamba, na viongozi wengi wa misafara. Kijana wa Kyela atakaposimama Mtoni huenda mwenzake asiyekuwa Mwislamu akamwambia, Hii ndiyo kazi ya dini yako. Atajibu nini?

Wapo wanaowafundisha watoto kujibu kwamba utumwa wa Unguja ulikuwa mpole. Sayyida Salme mwenyewe aliandika hivyo katika kitabu chake, na msomaji yampasa ajue kwamba yeye alikuwa binti wa bwana, wala hakupata kutembea njia ya kutoka Nyasa hadi Kilwa akiwa na kongwa shingoni. Wapo wengine wanaojibu kwa kuwataja wengine. Na kweli wapo wa kutajwa: Wafaransa walionunua watumwa Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, matajiri wa Kihindi waliotoa mtaji, Wamarekani na Wazungu walionunua pembe na karafuu bila ya kuuliza nani aliyezibeba, na baadhi ya watawala wa Kiafrika waliowauza jirani zao. Haya yote ni kweli, na kijana ayajue. Lakini dhambi ya jirani haisafishi nyumba yako.

Sisi twaona jawabu lililo bora ni fupi zaidi. Dini iliyoweka fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa watumwa, ikaufanya uhuru wa mtu kuwa kafara ya makosa, na ikampandisha Bilali juu ya Al-Kaaba ili aadhini, haikuwatuma watu kuchoma vijiji vya Nyasa usiku na kuwafunga watoto kwa kamba. Waliofanya hivyo waliifuata tamaa yao. Ikiwa walisali, walisali. Hesabu yao iko kwa Mwenyezi Mungu. Wajibu wetu sisi ni kusema ukweli bila ya kuuvisha kanzu.

Na ukweli una upande mwingine pia. Njia zile zile zilizowapeleka watu pwani zilileta Kiswahili na adhana mpaka kwenye ziwa. Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi, mji wa akina Jumbe waliokuwa wafanyabiashara hao hao, ukawa mahali pa misikiti na vyuo. Nao Wanyasa waliopelekwa Unguja hawakubaki kuwa mizigo. Walioa na kuolewa, walilea watoto, walisoma. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa na soko likafungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Sheria ya Unguja ikaacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na kwa masuria ikachelewa mpaka mwaka 1909. Tanganyika utumwa ulifutwa mwaka 1922. Wajukuu wa watu wale leo ni wenyeji wa Unguja kama mwenyeji mwingine yeyote, nao husali katika safu moja na wajukuu wa mabwana. Jambo hili laweza kuwafundisha vijana zaidi ya nguzo zote za Maruhubi.

Kwa hiyo mzee wetu, msiogope kuwa wageni. Mkienda Mtoni mwaingia mahali ambapo watu wa ziwa lenu walibeba maji na wakazikwa bila ya majina. Wafalme waliacha majina na wao waliacha kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyobaki imesimama. Ingieni bila ya kuinamisha vichwa. Msiingie kwa chuki pia, kwani hapana aliye hai leo aliyemfunga mtu katika wale.

NASAHA KWA WENYE SAFARI

Kwanza, msianze na majumba. Anzeni Kyela. Kabla ya safari kila kijana amwendee mzee wake amwulize: Malafyale wetu wa mwisho alikaa wapi? Miti yake iko wapi? Aliyekimbia vita vya Mlozi alipokewa katika kijiji gani? Ayaandike atakayoambiwa. Cheo cha watawala wa jadi kiliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na wanaokumbuka mambo yao kwa macho wanapungua kila mwaka.

Pili, mkifika Unguja msitosheke na Mtoni, Kidichi na Maruhubi. Nendeni na Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambapo leo lipo kanisa kuu la Kianglikana. Nje yake mtaona sanamu za watu waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Bora mpaone siku hiyo hiyo mliyoiona bustani, asubuhi pamoja na alasiri, ili moja lifasiri jingine.

Tatu, mwalimu awape vijana maswali matatu kwa kila jengo: Nani aliamuru lijengwe? Nani alilijenga? Nani alibeba maji? Swali la kwanza limejibiwa kwenye vibao. La pili na la tatu yawataka waulize, wasome na wafikiri.

Nne, jengo lolote lenye hatari ya kuanguka lisiingiwe wala lisipandwe. Jiwe lisichukuliwe kuwa kumbukumbu, na jina lisiandikwe ukutani. Mabinti na wavulana washiriki sawa katika kuuliza na kuandika. Mavazi yawe ya heshima, na sala zisipitwe kwa ajili ya kutazama mabaki ya dunia.

Tano, mkirudi nyumbani pandeni miti uwanjani pa chuo. Mwembe, mchungwa, hata mgomba. Muupande kwa mikono yenu wenyewe, na kila mmoja awe na zamu yake ya kuutilia maji. Bustani itakayokua hapo itakuwa ndogo kuliko ya Mtoni, wala haitakuwa na tausi. Lakini mtoto atakayekaa kivulini mwake miaka hamsini ijayo akiuliza ni nani aliyeutia maji mti huu, atapata kutajiwa majina.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wale ambao majina yao hatuyajui, na atupe sisi macho ya kuona na ndimi za kusema kweli. Amin.